Shingo Haikuwaka

Februari, Tbilisi. Theluji ya jana imekuwa tope
kwenye ngazi za hospitali,
naye Lamzira Gulediani anaingia na blauzi nyepesi,
koti kalikunja mkononi
kama mtu aliyetoka kupika.

Kilo kumi na nne zimemtoka tangu kuvuna viazi.
Ng'ombe, anasema, wamemkataa:
vidole vinatetemeka, chuchu zinaogopa,
maziwa yanapanda, hayashuki.
Usiku anafungua dirisha, mume analifunga,
anafungua, analifunga,
na moyo wake unakwenda mbio
kama mtu aliyeitwa asijue na nani.

Kwao milimani rovu lilikuwa kitu cha ukoo.
Bibi yake alilifunika kwa kitambaa cha Jumapili.
Kwa hiyo kila daktari alimshika shingo kwanza.
Shingo nyembamba, laini, haina hata punje.

Damu ilisema homoni zimefurika.
Tukamnywesha madini joto yenye mnunurisho,
maji tu, hayana ladha,
nami nikaiweka kamera juu ya koo lake, nikangoja
tezi ije kiooni na mabawa yake mawili.

Haikuja.
Giza, kama nyumba ambayo wenyewe wamehama
na bado jikoni kunanukia chakula.

Daktari Murmani akanivuta pembeni.
"Anameza vidonge vya tezi kwa siri. Wapo, wanataka kukonda.
Muulize mkwewe."
Lamzira akasikia. Hakulia.
Akaumwaga mkoba wote mezani kwangu:
kitana, tiketi ya basi, jibini ndani ya gazeti,
picha ya ndama.
"Tafuta," akasema.

Kipimo kingine cha damu kikamtetea.
Ipo protini inayotolewa na tezi hai peke yake,
kidonge hakiijui,
na kwake ilikuwa juu, juu mno.
Basi kuna tezi mahali, inafanya kazi ya wawili,
na ile ya shingoni, kwa kuona kazi imekwisha,
imelala zake.

Nikaishusha kamera. Hakuna aliyeniagiza.
Kifua, kitupu.
Tumbo, ukungu kidogo.
Nyongani, upande wa kulia, taa.

"Mkojo huo," akasema Murmani, na hoja alikuwa nayo,
madini joto hutokea kibofuni.
Nenda msalani, Lamzira.
Akaenda. Akarudi.
Taa ilikuwa palepale.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Hiki kilipita nguo, kikapita ngozi,
kikakaa ndani ya kifuko cha mayai:
chembe za shingo zilizokosea njia
wakaanzisha jiko lao, hawakumwambia mtu.

Hatukumpasua siku ile.
Moyo unaokimbia hivyo haupelekwi kisuni.
Wiki tano za vidonge vya kuizima tezi,
na vingine vya kuutia moyo hatamu.
Mapigo mia na thelathini. Mia na tano.
Themanini na nne.
Asubuhi moja akaomba blanketi,
na mumewe akacheka hadi akakaa sakafuni.

Uvimbe ulikuwa kama limau.
Otari wa maabara aliniita kwenye hadubini:
visima vidogo vidogo, vimejaa kitu kama asali.
"Hii ni shingo," akasema. "Mmeitoa wapi?"
Na saratani?
Hakuna.
Nikamwomba aseme tena.

Tezi ya shingoni haikuamka upesi.
Aprili giza. Mei giza,
miguu imevimba, sauti nzito, usingizi mchana,
akanipigia simu kuuliza kama tumekata mahali pasipo pake.
Juni nikaona kitu hafifu, bawa moja,
halafu, nilipofuta miwani, la pili.

Dereva wa basi la Mestia ameniletea mfuko
wa chumvi ya kwao, imesagwa na vitunguu saumu.
Ndani kuna karatasi:
Ng'ombe wamenisamehe.
Mmoja bado ananuna.